Kupiga picha makaburi ya zamani Lamu kwa ajili ya nasaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka msimu wa Maulidi, jamaa wakija Lamu kutoka Mombasa, Unguja, Maskati na kwengineko, baraza yetu hujaa watu wanaotafuta babu zao. Wanataka kujua mzee fulani amezikwa wapi, kaburi limeandikwa nini, na picha ipigwe vipi hata isomeke. Nimekuwa nikipiga picha makaburi ya ukoo wetu, na ya majirani walioniomba, kwa miaka tisa sasa. Nimeandika hapa yale ninayowajibu, ili anayekuja kwa siku mbili tatu asizimalize kwa kuuliza njia.

Makaburi si yapo tu? Haraka ya nini?

Hayapo tu. Makaburi mengi ya zamani huku kwetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yakapakwa chokaa, na mara nyingi maandishi yamechorwa kwenye ile chokaa ilipokuwa mbichi, hayakuchongwa kwenye jiwe lenyewe. Chumvi ya bahari hupenya ndani pamoja na unyevu. Maji yanapokauka, chumvi huganda chini ya ngozi ya chokaa, ikavimba na kuibandua vipande vipande. Ongeza mizizi ya miti na punda wanaojikuna kwenye nguzo za mawe zilizosimamishwa juu ya baadhi ya makaburi.

Mwaka wa kwanza nilipiga picha ubavu wa kaburi moja uliokuwa na mistari minne ya maandishi. Nilirudi baada ya masika mawili, nikakuta mistari miwili imeshuka chini, imekuwa unga mweupe juu ya majani. Jina la baba wa marehemu lilikuwa katika mistari hiyo. Hivi leo halisomeki mahali pengine popote ila kwenye picha ile.

Nianzie makaburi gani?

Usianzie makaburini. Anzia nyumbani, kwa mtu mzima kuliko wote katika ukoo ambaye bado ana kauli. Muulize marehemu aliishi mtaa gani, akisali msikiti gani, na nani alikuwa jirani yake, kwa sababu watu wa zamani walizikwa karibu na msikiti wao au katika maziara ya jamaa zao. Mtu wa Mkomani na mtu wa Langoni huenda usiwatafute mahali pamoja hata kama ni binamu.

Kisha omba uonyeshwe msahafu wa zamani wa nyumba. Kwenye kurasa tupu za mwanzo na za mwisho wazee walikuwa wakiandika mazazi na mauti kwa hati za Kiarabu. Piga picha kurasa hizo kabla hujapiga picha kaburi lolote. Nimewahi kuzunguka maziarani asubuhi tatu nikitafuta mwaka ambao ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu ndani ya kabati la shangazi yangu.

Na wanawake wazee wasisahauliwe. Wanaume watakwambia nani alikuwa mtoto wa nani. Wanawake watakwambia nani alinyonyeshwa na nani, nani alikufa kwa uzazi, na mtoto yupi alizikwa ubavuni mwa mama yake bila ya jiwe.

Ruhusa naomba kwa nani?

Kama makaburi yako kando ya msikiti, nenda kwa imamu au kamati ya msikiti. Kama ni maziara ya ukoo, nenda kwa wenyewe. Ukoo unaweza kuwa umehama lakini hakosekani jamaa mmoja mjini anayeyatazama. Kwenye magofu yanayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kama Takwa kule Manda au Gede upande wa Malindi, unaingia kwa tiketi, na ukitaka kufanya kazi ya siku nzima jitambulishe kwa msimamizi mapema. Mji wa kale wa Lamu wenyewe uko katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, na magofu na makaburi ya kale yanalindwa na sheria ya turathi ya 2006. Kupiga picha kwa heshima hakukatazwi. Kugusa, kuchimbua au kuondoa kitu ni habari nyingine kabisa.

Ukikutana na mtu makaburini akikuuliza unafanya nini, weka simu chini, msalimie, mwambie wewe ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Mara nyingi yeye ndiye atakayekuonyesha kaburi ulilokuwa ukilipita.

Je, kuna ubaya wowote kidini?

Nimewauliza masheikh zaidi ya mmoja na jibu lao halikutofautiana sana: kuzuru kunakumbusha akhera, na picha ya jiwe kwa ajili ya kujua nasaba si tatizo, mradi adabu ichungwe. Toa salamu kwa watu wa makaburini ukiingia. Vua viatu. Usikanyage kaburi wala usilikalie, hata kama limekaa sawa na ardhi na hakuna anayekuona. Usipige picha watu walio katika maziko au wanaosoma Yasini. Wala usijipige picha mwenyewe umesimama na nguzo.

Lijue na hili: wapo wanazuoni wanaokataza kujenga na kuandika juu ya kaburi, kwa hiyo familia nyingi zilikusudia kaburi libaki bila jina. Usilihesabu hilo kuwa ni uzembe wa wazee wako.

Mimi ni mwanamke. Naweza kwenda?

Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Kuhusu kuzuru baadaye, wanazuoni wametofautiana, na kila nyumba ina msimamo wake. Mimi ni mwanamke na huenda na mjomba wangu, asubuhi, wakati hakuna maziko. Palipokuwa na mzee aliyekataa, sikubishana naye. Nilimpa mjomba simu, nikamwonyesha nataka pembe zipi, nikangoja nje ya ukuta. Picha zilitoka sawasawa.

Nahitaji kamera ya bei?

Hapana. Simu ya kawaida yenye kamera nzima inatosha. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu upepo wa hapa unaipaka chumvi kila baada ya nusu saa na picha hutoka kama ina ukungu. Zima flashi, maana humulika jiwe usoni na kulaza herufi zote. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Gusa maandishi kwenye kioo cha simu ili yakae sawa, kisha teremsha mwangaza kidogo, kwani chokaa nyeupe juani huungua ikawa weupe mtupu. Shika simu sambamba na uso wa jiwe, si ukiwa umesimama wima ukiinamisha mikono. Hii maana yake utapiga magoti sana, basi vaa nguo usiyoihofia.

Nilipiga picha asubuhi na mapema kama nilivyoambiwa, na bado maandishi hayasomeki. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linatokana na namna tunavyozika.

Maandishi yaliyochongwa husomeka kwa kivuli. Jua likiupiga uso wa jiwe moja kwa moja, hakuna kivuli, na herufi hupotea. Unataka mwanga unaopita ukilamba uso wa jiwe kwa ubavu, ili kila mfereji wa herufi ujaze giza. Watu husema nenda alfajiri au jioni, na kwa jiwe lililolala chali ni kweli. Lakini mashahidi, yaani yale mawe yanayosimamishwa kichwani na miguuni, yana hesabu yake.

Kibla chetu Lamu kiko kaskazini, kimeelekea magharibi kidogo tu. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kichwa kinakuwa upande wa mashariki na miguu magharibi. Shahidi la kichwani basi uso wake mmoja unatazama mashariki na mwingine magharibi. Jua la saa moja asubuhi linaupiga uso wa mashariki kifuani, bapa kabisa. Ngoja. Tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua hupanda hadi utosini. Kati ya saa tano na saa sita mchana mwanga unateremka juu ya uso ule wa mashariki kama maji yanayotiririka ukutani, na herufi zinatoka moja moja. Mara tu jua likipinduka, takriban saa saba, uso wa magharibi nao hupata zamu yake, kwa muda mfupi.

Mbavu ndefu za kaburi zinatazama kaskazini na kusini, na hizo hufuata msimu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ubavu wa kusini hukaa kivulini miezi hiyo yote. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, mambo hugeuka. Mwenye kutaka kaburi zima lisomeke aje mara mbili kwa mwaka. Mwenye nafasi moja tu aje Januari au Februari, majani yamekauka, na ubavu wa kaskazini autatue kwa kioo.

Kioo ni hivi: mwenzako asimame mbali hatua kadhaa akiwa na kioo cha ukutani, alirushe jua kwa mshazari juu ya jiwe. Karatasi ya fedha ya kufungia chakula iliyobandikwa kwenye boksi hufanya kazi hiyo pia. Njia nyingine ni kulitia jiwe giza na kumulika tochi kutoka pembeni kabisa. Mimi hutumia buibui langu la zamani: mjomba analishika juu kama hema, mimi nalaza tochi ya simu ya pili karibu na ukingo wa jiwe na kupiga picha kutoka mbele. Piga mara nne, tochi ikitoka kulia, kushoto, juu na chini. Kila upande utakupa herufi ambazo mwingine ulizificha.

Jambo hili limenifunza kwa uchungu. Kwenye shahidi la babu wa babu yangu nilisoma mwaka ١٢١٢, nikawatumia jamaa wote, wakauandika. Kwa mwaka huo, mzee angekuwa amekufa kabla baba yake hajazaliwa. Nilirudi saa tano na nusu mchana, na pale kwenye tarakimu ya pili nikaona jino dogo, si kubwa kuliko punje ya mtama, ambalo jua la asubuhi lilikuwa limelifuta. Haikuwa ٢, ilikuwa ٣. Mwaka ni 1312, yaani 1894 au 1895. Jino moja, miaka mia ya hijria. Ilinichukua miezi kuwafikia wote niliowapa ule mwaka wa kwanza.

Nikilisugua jiwe kidogo litoke uchafu?

Tafadhali, usifanye. Usitumie brashi ya waya, sabuni, jiki, siki wala limau. Chokaa na matumbawe huyeyuka kwa kitu chochote chenye ukali wa limau. Utaona povu jembamba, na povu lile ndilo kaburi lenyewe linaondoka. Usipake chaki, unga, mkaa wala mafuta ili herufi zitokeze. Usibandike karatasi na kuisugua kwa penseli, maana chokaa iliyoachana na jiwe huanguka kwa kuguswa tu. Ukungu mweusi na kijani uache ulivyo, mara nyingine ndio unaoshikilia ngozi ya juu.

Unachoweza kufanya ni kuondoa majani makavu kwa mkono na kupangusa mchanga uliolegea kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Mche ulioota ufani ukatwe juu, using'olewe. Mzizi ukitoka hutoka na jiwe.

Na wale wanaotaka kuwafanyia wazee wema kwa kupaka saruji, naomba wasikie hili. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache kaburi huoza chini ya koti lake jipya. Kama kuna pesa za kukarabati, mtafuteni fundi anayejua kuchoma na kupaka chokaa. Mafundi hao Lamu bado wapo.

Nipige picha ngapi kwa kaburi moja?

Ya kwanza iwe ya mbali, kaburi pamoja na kitu kisichohama: msikiti, kisima, pembe ya ukuta. Kisha kaburi zima kutoka pande nne. Kisha kila mahali penye maandishi, mzima mzima halafu mstari kwa mstari, kutoka kulia. Kisha mapambo na zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, hata kama ni tupu. Kisha makaburi ya jirani, pande zote. Hapa watu hubania, na ni kosa: waliolala karibu ndio wakwe, dada na watoto.

Kabla hujaondoka, simama pale pale, washa kurekodi sauti, useme uko wapi, na nani, tarehe gani, na aliyekuonyesha amesema nini kwa maneno yake. Mzee akisema "ndoo hapa mwanangu, huyu ndiye alofiwa na mume baharini", sentensi hiyo haimo kwenye jiwe lolote.

Sijui Kiarabu. Nitayasomaje?

Mpe picha mwalimu wa madrasa, si tafsiri ya simu. Lakini wewe mwenyewe unaweza kutambua mengi. Mwanzo huwa ni bismillahi au aya, mara nyingi ile ya kila nafsi itaonja mauti. Tafuta neno "kabri", kisha "marhumu" au "marhuma", halafu jina. "Bin" na "binti" zitakuongoza kwenye ukoo. Neno "tuwufia" au "wafati" likitokea, tarehe iko karibu, na "sanati" ni mwaka.

Mwaka ukiandikwa kwa maneno, huanza na kidogo kwenda kikubwa: kumi na mbili, na mia tatu, na elfu. Ukiandikwa kwa tarakimu, kumbuka kwamba nukta ٠ ni sifuri na duara ٥ ni tano. Nukta ni rahisi kuipoteza kwenye chokaa yenye vidonda, kwa hiyo ukiona mwaka wa tarakimu tatu tu, usiuamini mpaka uangalie tena.

Majina ya Kiswahili yanahitaji jicho la Mswahili. Hati za Kiarabu hazina p wala ch, kwa hivyo Pate huandikwa kwa ba. "Al-Battawy" ni mtu wa Pate, "al-Lamuy" ni mtu wa Lamu. Mwarabu asiyejua mji huu atakusomea jina ambalo halipo.

Mawe ya Mabohora, Waislamu wenye asili ya Gujarati huko India, huenda yakawa na Kigujarati. Hayo muulize mwenye lugha yake.

Nibadilishe vipi mwaka wa hijria?

Zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97, ujumlishe 622. Kwa 1250 utapata 1834 na nusu, na kweli mwaka huo wa hijria uliangukia 1834 na 1835. Hesabu hii inakuleta karibu. Kama una siku na mwezi, tumia kikokotoo cha intaneti na ukubali tofauti ya siku moja au mbili, kwa sababu mwezi ulikuwa ukiandama kwa macho. Mahali pa kujipima: Uhuru wa Kenya, 12 Disemba 1963, ulikuwa mwezi wa Rajabu 1383.

Umri nao angalia. Miaka 33 ya hijria ni karibu miaka 32 ya jua, basi mzee aliyeandikwa ameishi miaka 66 alikuwa na 64 kwa kalenda ya ukutani.

Daftari la babu linasema "usiku wa Jumatatu, mfungo sita". Hiyo ni lini?

Mfungo mosi ni Shawali, mwezi wa Idi, na kutoka hapo unahesabu: mfungo nne ni Muharamu, mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, mfungo tisa ni Jumada ya pili. Baada yake ni Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Na siku yetu huanza magharibi. Usiku wa Jumatatu ni ule ambao wengine wanauita Jumapili usiku. Wajukuu waliosoma shule za Nairobi hukosea hapa kila mara, wakapata siku isiyolingana na tarehe na kudhani babu hakujua kuandika. Babu alikuwa sawa.

Kuna Mohamed bin Ali watatu. Wangu ni yupi?

Mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Mohamed bin Ali na Ali bin Mohamed watapokezana vizazi vingi. Usitosheke na jina la baba, tafuta la tatu na la nne. Tazama amelala jirani na nani. Mama ni funguo nzuri kuliko zote, lakini huwa hakuandikwa, ndiyo maana ninawasumbua bibi zetu. Kumbukumbu za kadhi za ndoa na mirathi pia husaidia, kwani mirathi huwataja mabinti.

Kaburi la babu yangu halina maandishi hata herufi moja. Nipige tu?

Piga. Piga sana. Jiwe lenye maandishi litajieleza kwa miaka kadhaa zaidi. Lisilo na maandishi linategemea mtu aliye hai. Mpeleke huyo mtu pale, umpige picha akiwa ameelekeza mkono, urekodi sauti yake. Kama hawezi kutembea, mpigie simu ya video ukiwa makaburini na umfuate anavyokuelekeza.

Yale makaburi ya nguzo ni ya ukoo wetu?

Huulizwa na karibu kila anayetoka safari ya Takwa au aliyepita karibu na msikiti wa Juma wa Malindi. Makaburi ya nguzo ni ya watu wakubwa wa miji hii, na mengine ni ya kale mno. Pale Gede kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa hijria, yaani 1399 au 1400. Kutoka hapo hadi kwako ni zaidi ya miaka 600, na sijaona nasaba ya familia ya kawaida iliyoshonwa vizuri umbali huo. Yapende kama mali ya wote. Watu wa Shela huenda Takwa kuomba mvua bila kumuuliza mtu nasaba yake.

Vile vitundu vya mviringo unavyoviona vilishikilia bakuli na sahani za Kichina. Ukikuta kipande chini, kipige picha kilipo na ukiache hapo hapo, uwaarifu watu wa makumbusho.

Makaburi yetu yako Pate, au bara upande wa Kiunga.

Safari ya Pate, Siyu na Faza hufuata maji, kwa hiyo muulize nahodha kabla ya kupanga saa za mwangaza. Takwa vilevile, mkono wa bahari unaingilika maji yakijaa tu; ukichelewa utalala. Vijiji vya bara vya Wabajuni vingi vilihamwa wakati wa vita vya mashifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya 1960 na makaburi yamebaki msituni. Huko usiende kwa kubahatisha. Pitia kwa chifu na askari wa eneo, uende na mwenyeji.

Droni?

Usilete. Inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, eneo letu lina ulinzi mkali, na kelele yake juu ya maziara inaudhi.

Niziweke mtandaoni?

Makaburi ya karne zilizopita, kwa ridhaa ya ukoo, ndiyo. Tovuti kama Find a Grave na BillionGraves zimewaunganisha watu wengi. Kaburi la mtu ambaye watoto wake wako hai, waulize watoto kwanza. Wapo wasiotaka jina la mama yao lizunguke, na neno lao ni la mwisho. Kaburi lenye zidaka ambazo bado zina bakuli lisitajwe mahali lilipo hata siku moja. Wezi wanasoma pia.

Nizihifadhi vipi?

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha, vinginevyo inabanwa na yale meno madogo ya tarakimu yanapotea. Lipe kila faili jina lenye mji, mtaa, jina la marehemu na tarehe ya kupiga. Weka nakala kwenye simu, kwenye kompyuta au diski, na kwa jamaa anayeishi mji mwingine. Picha ya asili usiihariri, hariri nakala. Zilizo muhimu zichapishe, uandike nyuma kwa penseli, uzitie ndani ya ule msahafu wa nyumba. Simu yangu ya pili iliingia baharini pale jeti, na kilichonisalia cha mwaka mzima ni zile nilizokuwa nimechapisha.

Wazee wawili wamenipa majibu mawili kuhusu kaburi moja. Nimfuate nani?

Usimfuate yeyote kwanza. Andika kauli zote mbili, nani kasema, lini, na alijuaje. Kisha rudi na picha kubwa, umwonyeshe kila mmoja peke yake.

Kwetu kulikuwa na makaburi mawili yanayofanana, yamepakana. Mjomba alisema la kulia ndilo la mama mzaa bibi yangu. Bibi alisema la kushoto. Nilimchapishia picha za karibu za yote mawili, akavaa miwani, akazipitia polepole juu ya mkeka. Alipofika kwenye picha ya kidaka kidogo cha kushoto, chenye ukingo uliomeguka kama kucha, akaweka kidole. Akasema alipokuwa mtoto baba yake alikuwa akimnyanyua ili atie shina la mrehani mle ndani, na ule ukingo ulimkwaruza mkono. Akakunja mkono wa kanzu yake kuniangalishia, lakini ngozi ya mtu wa miaka themanini na kitu ina mistari mingi, sikuweza kujua ni upi.

Nimeliandika kaburi la kushoto. Mjomba bado anasema ni la kulia, na kauli yake imo ndani ya faili, chini ya kauli ya bibi, pamoja na tarehe.